Playfair Display ya mlazo: ipeni majina ya maharusi, msiipe namba za simu

#1 Fundi Kadi (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Natengeneza kadi hapa Dar: za mwaliko, za michango, za sendofu, za kipaimara. Huu ni mwaka wa 9. Leo naleta uzi kuhusu fonti moja tu, yaani mtindo mmoja wa herufi. Kama umealikwa harusini miaka ya karibuni, huenda umeishika mkononi bila kuijua jina. Inaitwa Playfair Display. Ina sura mbili, ya wima na ya mlazo. Mimi nazungumzia hii ya mlazo, iliyoinamia kulia kama mnazi wa pwani uliozoea upepo.

Kinachoonekana kwanza ni unene na wembamba. Mstari mmoja wa herufi ni mnene kama kijiti cha kiberiti, unaofuata ni mwembamba kama unywele, na yote miwili imo ndani ya n moja. Kwenye ncha za herufi kama c na r kuna kitone cha duara, utadhani wino ulitaka kudondoka ukaahirisha. Serifi zake, yaani vile vijiguu vinavyotokeza mwisho wa mstari, hazikai bapa kama kwenye herufi za wima. Zinageuka kuwa mkato wa kalamu unaoingia na kutoka. Ndiyo maana jina likipangwa kwa mlazo huu linaonekana limeandikwa na mkono uliotulia, ingawa kila herufi imejitenga na mwenzake na haijaunganishwa kama mwandiko wa shule.

Herufi ndogo zina kimo kirefu, herufi kubwa ni fupi kidogo kuliko tulivyozoea, na mikia ya g, p na y imepunguzwa. Faida yake utaiona ukipanga majina mawili, moja juu moja chini: mistari inakaribiana bila kugongana. Kwa kadi ya harusi hiyo ni nusu ya kazi.

Aliyeichora ni Claus Eggers Sørensen, mbunifu wa herufi wa Denmark, na ilitoka 2011 kupitia Google Fonts, hazina ya fonti za bure mtandaoni. Hakunakili fonti yoyote ya kale, lakini alichota kwa John Baskerville, mchapaji wa Birmingham, Uingereza, katika karne ya 18. Baskerville alikuwa amewahi kuwa mwalimu wa mwandiko na mchongaji wa maandishi kwenye mawe, na alitaka herufi za chapa zipate ule wembamba wa kalamu nzuri. Karatasi na wino wa siku zile havikuweza. Akatafuta karatasi laini zaidi, akatengeneza wino mweusi zaidi, na baada ya kuchapa akazibana karatasi kwa mabamba ya moto ili zing'ae. Kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kilitoka 1757. Kwa hiyo wembamba unaouona kwenye kadi ya leo ulianza kama ugomvi wa mtu mmoja na karatasi mbovu. Napenda sana kulijua hilo, kwa sababu ugomvi wenyewe haujaisha. Kila nikipeleka kazi mashineni naupigana upya.

Leseni yake ni huru. Unaipakua bure, unaitumia kwenye kazi ya kulipwa, hata kuirekebisha unaruhusiwa. Usichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake.

Sasa lililonifanya niandike.

Miaka 5 iliyopita nilisanifu kadi 300 za harusi. Nikaipenda mno hii fonti, nikaweka kila kitu kwa mlazo: majina, ukumbi, tarehe, saa, namba za wanakamati. Sehemu ya chini ilikuwa pointi 9, rangi ya dhahabu. Kadi zikatoka mashineni, zikapelekwa, na baada ya siku 2 baba mdogo wa bibi harusi akanipigia. Wageni walikuwa wanapiga namba zisizo zenyewe. Mistari myembamba ilikuwa imefifia kwenye ile dhahabu, 3 inasomeka kama 5. Na tarakimu zenyewe hazikukaa kwenye mstari mmoja, nyingine juu nyingine chini. Nikazirudia zote 300 kwa fedha yangu.

Kosa halikuwa la fonti. Neno Display kwenye jina lake lina maana kwamba imechorwa kwa ajili ya saizi kubwa, na mimi niliilazimisha ndogo. Na zile tarakimu zimechorwa hivyo makusudi. Kwa kawaida Playfair inatoa tarakimu za mtindo wa kale: 0, 1 na 2 ni fupi kama herufi ndogo, 6 na 8 zinapanda, halafu 3, 4, 5, 7 na 9 zinashuka chini ya mstari. Ukiandika mwaka ndani ya sentensi zinapendeza, kwa sababu zinapanda na kushuka pamoja na herufi. Ukiandika namba ya simu zinamchanganya mtu, na ile 0 inakaribia kufanana na herufi o.

Tangu siku hiyo majina ya maharusi yanapata mlazo. Labda na mstari mmoja wa maneno, kama «Karibuni tufurahi pamoja». Mengine yote yanakwenda kwenye fonti tulivu ya wima. Chini ya pointi 16 siitumii kabisa.

Naomba michango yenu.

#2 mwana_stika

Mkuu umenigusa. Mimi nakata stika za magari na vioo vya maduka. Mteja wa saluni akija na picha ya Playfair ya mlazo kwenye simu, najua siku imekwisha. Ile mistari kama unywele, kisu cha mashine kinaipitia pande mbili zilizokaribiana, na ukianza kung'oa vinili (plastiki ya stika) ya ziada, inaondoka na herufi. Nimeshaupoteza mguu wa n mara nyingi. Hata ukifanikiwa kuibandika, jua na kuoshwaoshwa kila siku vinaanza kuinyanyua palepale penye wembamba.

Je, kuna herufi ya mlazo yenye urembo ambayo inavumilia?

#3 Fundi Kadi

Ipo ndugu yangu, ila urembo wake ni wa namna nyingine. Jaribu Cooper Black ya mlazo. Cooper Black ilichorwa na Oswald Cooper wa Chicago, ikatoka 1922, na mlazo wake ukafuata. Ina serifi, lakini zimeviringwa kama maandazi, hakuna ncha kali wala mstari mwembamba popote. Kisu kitapita raha mustarehe. Ni herufi ya uchangamfu: duka la juisi, keki, nguo za watoto, saluni pia inakubali. Kwa ofisi ya wakili ningeiacha.

Na kama mteja ameing'ang'ania Playfair, mpeleke kwenye uzito wa Black, yaani toleo nene kabisa, wa fonti hiyohiyo. Mistari myembamba inabaki myembamba, lakini ukiikata kwa kimo cha sentimita 25 na kuendelea, inapata mwili wa kutosha kubandikika. Kwa bango la kuchapwa la turubai hakuna shida, pale wino ndio unaofanya kazi na siyo kisu.

#4 Mama Kamati

Naheshimu kazi yenu vijana, lakini niseme ukweli wangu. Nimekuwa mwekahazina wa kamati nyingi za harusi. Kadi ya mchango inapokelewa na watu wazima, wengine tunavaa miwani, na tunaisomea kwenye daladala au jioni taa hafifu. Haya maandishi ya kulala yanachosha macho. Kadi zikija za herufi za kawaida hakuna anayeuliza kitu. Zikija hizi za madoido, simu haziishi: «Hivi hapa pameandikwa ukumbi gani?» Kwa nini tusibaki na za wima tu?

#5 Fundi Kadi

Shikamoo mama. Kwa maelezo yote ya kadi nakubaliana nawe bila mjadala, yawe ya wima. Aya nzima ya mlazo inachosha, na hapo hakuna fonti itakayonusurika.

Majina tu ndiyo nayaombea. Kadi hiyohiyo inakwenda kwa mtu ambaye wiki hiyo amepokea risiti, bili ya maji, tangazo la mkutano na karatasi za shule, zote za herufi wima. Akiona majina mawili yameinama yameelekea upande mmoja, anajua hii ni shughuli kabla hajasoma neno. Ni kama nguo, mama. Kitenge cha shughuli hakivaliwi shambani, lakini siku ya shughuli huwezi kwenda bila hicho kitenge.

Khanga nazo zimenifundisha. Jina la khanga kwa kawaida huchapwa kwa herufi kubwa za wima, nene, zisizo na madoido, kwa sababu linatakiwa lisomeke mgongoni mwa mtu anayetembea. Kama herufi zile zingekuwa za mlazo wenye nywele nyembamba, ujumbe usingemfikia jirani anayehusika.

#6 Kijana wa Stationari

Mkuu, mimi nafanya kwenye stationari ya mtu, najifunza. Maswali mawili. Kwenye Word nikibonyeza ile I si inalaza herufi yoyote? Tofauti iko wapi na huu mlazo unaousifia? La pili, nani aliamua herufi zilale?

#7 Fundi Kadi

Maswali mazuri sana haya, vuta kiti.

Ukibonyeza ile I, programu inatafuta kwanza kama fonti ina mlazo wake uliochorwa. Kama upo, unaletewa huo. Kama haupo, inachukua herufi ya wima na kuisukuma ikainama. Huo ni mlazo wa bandia. Duara la o linapinda vibaya, unene unahamia pasipostahili. Njia rahisi ya kuutambua ni kuitazama a. Kwenye fonti nyingi za serifi, a ya wima ina kichwa kilichokunjwa juu na tumbo chini. Kwenye mlazo wa kweli inakuwa kama unavyoiandika kwa mkono, tumbo na mkia tu. Ukiona a imeinama lakini bado ina kile kichwa, shuku. Tazama na f, mara nyingi katika mlazo wa kweli inashusha mguu chini ya mstari. Mlazo una umbo lake lenyewe, kwa sababu asili yake ni mwandiko mwingine kabisa.

Hapo tunaingia swali la pili.

Italia, karne ya 15, wasomi waliokuwa wakinakili vitabu kwa mkono walikuwa na mwandiko wa haraka. Anayetajwa sana ni Niccolò de' Niccoli wa Florence. Mkono ukikimbia unainama, herufi zinabanana, kalamu hainyanyuliwi mara nyingi. Waitaliano wenyewe hadi leo wanauita corsivo, yaani wa kukimbia. Sisi tumeubandika jina la nchi, italiki.

Venice alikuwepo mchapaji Aldus Manutius. Alitaka vitabu vidogo vya kushikwa mkononi, kipindi ambacho kitabu cha heshima kilikuwa kikubwa cha kulazwa juu ya meza. Mchongaji wake, Francesco Griffo wa Bologna, akachonga herufi za chuma kwa kufuata mwandiko ule wa wasomi. Maneno machache yalionekana 1500, na Aprili 1501 kikatoka kitabu kizima cha mlazo, tena Virgil, mshairi yuleyule atakayechaguliwa na Baskerville miaka zaidi ya 250 baadaye. Na kilichapwa mlazo mwanzo hadi mwisho! Wakati ule haikuwa herufi ya kusisitiza neno wala ya mapambo. Herufi kubwa zilibaki wima, ndogo ndizo zilizolala.

Seneti ya Venice ikampa Aldus haki ya pekee ya kuzitumia. Haikusaidia sana, Lyon huko Ufaransa wakaziiga upesi. Lakini linaloniuma mimi ni la Griffo. Waligombana, akaondoka, akaenda Fano, mji mwingine wa Italia, kwa mchapaji Gershom Soncino. Mwaka 1503 Soncino akaandika waziwazi kwenye kitabu alichokichapa kwamba aliyezichonga ni Francesco wa Bologna, na kwamba sifa alizichukua mwingine. Miaka zaidi ya 500 imepita na bado watu wanamtaja Aldus peke yake. Sisi wenye kazi za mikono tuwe wa kwanza kumtaja Griffo.

Mapambo yalikuja baada yao. Mwaka 1522 Ludovico degli Arrighi, mwandishi wa ofisi ya Papa, alitoa kijitabu cha kufundisha mwandiko huu, na baadaye akatengeneza na herufi za chapa. Mwandiko wa ofisi ile ulikuwa na mikia mirefu na shingo zilizojikunja. Wachongaji waliofuata, kama Robert Granjon wa Ufaransa, wakaipeleka mikia hiyo kwenye herufi kubwa za mlazo. Ndiyo hizi R, Q na K zinazotupa mguu mbali ambazo wateja wanazipenda.

Herufi kubwa yenye mkia imechorwa iongoze neno, ifuatwe na herufi ndogo. Ukiandika HARUSI yote kwa herufi kubwa zenye mikia, kila moja inamkanyaga mwenzake na neno halisomeki. Nimeona kazi ya namna hiyo kwenye bango la mita 6 barabarani, nikasikitika kwa aliyelilipia.

#8 Binti Kibokoni

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi niko Mombasa, napanga kadi za nikahi na walima. Juu tunatia Bismillahi kwa khati ya thuluthi, mwandiko wa Kiarabu wa mapambo, chini majina kwa herufi za Kilatini. Nimejaribu fonti nyingi chini ya ile Bismillahi, na zile zisizo na serifi, za unene mmoja, zaonekana kama zimekuja kwa shughuli nyengine. Mlazo ndio unaokaa vyema. Nadhani sababu ni kalamu. Khati ile yaandikwa kwa kalamu ya mwanzi iliyokatwa ncha bapa kwa mshazari, ikipita huku mstari wanenepa, ikipita kule wawa mwembamba. Na mwandiko wa Waitaliano mliousema hapo juu nao ulikuwa wa kalamu ya ncha bapa. Mababu zetu Lamu na Pate waliandika tenzi kwa kalamu ya aina hiyo, kwa herufi za Kiarabu na maneno ya Kiswahili.

Ila kuna jambo lanitatiza. Wateja wote wataka ile alama ya & katikati ya majina, kubwa kuliko majina yenyewe. Mimi naona yameza maharusi.

#9 Fundi Kadi

Wa aleikum salaam dada. Hilo la kalamu umelisema vizuri kuliko nilivyoweza. Niongeze kidogo tu. Playfair imechota kwenye zama ambazo kalamu ya ncha kali ilishaanza kuchukua nafasi ya ile bapa, ndiyo maana nywele zake ni nyembamba mno. Kwa kukaa chini ya thuluthi jaribu Cormorant ya mlazo, ya Christian Thalmann wa Uswisi. Yeye alichota kwa Claude Garamont, Mfaransa wa karne ya 16, wakati kalamu bapa bado inatawala. Nayo ni ya bure. Lakini ikuze, kwa sababu herufi zake ndogo ni fupi sana. Pointi 30 za Cormorant zinaonekana ndogo kuliko pointi 30 za Playfair.

Kuhusu &, dada, hapo umegusa jambo ninalolifikiria kila siku.

Alama ile ni neno la Kilatini et, yaani «na». Herufi e na t zilishikana kalamuni mpaka zikawa umbo moja, na kwenye fonti nyingi za mlazo bado unaziona zote mbili ukitazama vizuri. Ni nzuri, sikatai, na ya Playfair ni miongoni mwa nzuri kabisa. Lakini sisi tunalo neno letu lenye herufi mbili tu, na lina n na a, ambazo ndizo herufi mlazo unapojionyesha. Kwenye n unaona kalamu inavyoingia nyembamba, inapanda, inashuka nene. Kwenye a unaona umbo la mkono nililomweleza kijana hapo juu. Andika «na» kwa mlazo, saizi nusu ya majina, rangi hafifu kidogo, katikati. Maharusi wanapumua, na kadi inasomeka kwa sauti moja kwa moja: Asha na Juma. Hakuna mtu anayesoma & kwa Kiswahili, kila mtu anasema «na».

Kingine, kwa wenye wateja wa Kanda ya Ziwa. Majina yenye Ng' yaangalieni kwa makini. Kwenye mlazo, ile alama ya juu inaweza kugusa sikio la g au kuelea mbali nalo. Hakikisheni ni ile iliyopinda na siyo kijiti kilichonyooka, kisha sogezeni nafasi kwa mkono. Mtu ameishi na jina lake miaka yote, siku ya harusi yake likae sawa.

#10 Kijana wa Stationari

Nimefuata yote. Swali la mwisho mkuu: kama mteja anataka tarehe iwe na Playfair palepale chini ya majina, zile tarakimu nazinyooshaje?

#11 Fundi Kadi

Tarakimu zilizonyooka zimo ndani ya fonti hiyohiyo, zimefichwa tu. Kwenye Word fungua dirisha la fonti, nenda ukurasa wa mipangilio ya juu, tafuta mtindo wa tarakimu, chagua zile zenye kimo kimoja. Kwenye LibreOffice, mahali pa jina la fonti andika Playfair Display:lnum, basi. Illustrator, ile programu ya usanifu, ina paneli ya OpenType ya kuchagulia hayo. Kama programu yako ya simu haina chaguo hilo, usihangaike, weka tarehe kwa fonti nyingine tulivu.

Kwa namba za simu usifanye lolote kati ya hayo. Weka fonti ya wima.

#12 mwana_stika

Nimerudi kutoa taarifa. Ile saluni nimempa Cooper Black ya mlazo. Vinili ya ziada ya kioo kizima nimeing'oa kwa dakika 20 bila kupoteza herufi.

#13 Kijana wa Stationari

Na mimi nimeondoa & kwenye kadi ya mteja wa kesho, nimeweka «na», ndogo, rangi ya kijivu. Tarehe imenyooka. Asubuhi inaingia mashineni, kadi 250.

#14 Fundi Kadi

Safi sana mdogo wangu. Ila kabla ya hizo 250 chapa 1 kwenye karatasi ileile na rangi ileile itakayotumika, siyo kwenye printa ya ofisini. Mpelekee mama mzazi au shangazi, umwache aisome bila wewe kumwonyesha chochote. Akikwama kwenye neno lolote, hilo lirudishe wima kabla mashine haijawashwa.